Nilimfungia jirani geti kwa sababu ya nyasi yangu: ukweli wa yale mabaka ya nyuma ya nyumba

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni msomaji wa kimya wa hili jukwaa, ni vile leo nimeamua kufungua mdomo. Haya ninayoandika yametokea kwangu, nyuma ya nyumba yangu hapa Lanet, Nakuru, na sehemu zingine zinaniaibisha. Sitapaka rangi.

Kwa ufupi: nilitaka kufufua nyasi bila kutumia pesa nyingi, na nikabakisha kidogo tu nimpoteze jirani niliyeishi naye miaka tisa.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa kushuku. Ukinisalimia mara mbili kwa siku moja, nitajiuliza unataka nini. Mke wangu husema ningezaliwa polisi. Yeye anafanya kazi shamba la maua Naivasha, anarudi Jumamosi. Mimi niko kwa duka la hardware hapa town, natoka asubuhi na kurudi jioni. Watoto wako shule. Kwa hivyo mchana kwangu ni kama hakuna mtu. Hilo mliweke akilini.

Sasa, nyasi.

Wakati tunajenga, mafundi walikorogea simiti huko nyuma. Walipoondoka waliniachia uwanja wenye vipara. Penye hakukuwa na kipara kulikuwa na mabangi, yale magugu ya kunuka (si bangi ya kuvuta), na mukengeria, lile gugu ambalo ukilikata vipande vitatu linaona umelipanda mara tatu. Pale kona ya tanki langu la mvua kulikuwa na yale majani matatu-matatu yenye vitunguu vidogo chini ya udongo. Hayo ukiyang'oa unakuwa umeyaambia karibu.

Niliita jamaa wa landscaping. Akaangalia, akapiga hesabu, akanitajia bei ya ng'ombe wa maziwa. Nikamshukuru, nikamfungulia geti.

Nikaamua kujifanyia.

Mwezi wa kumi mwaka jana, mvua ikiwa bado iko, nilichimba pale pa simiti kwa fork jembe mpaka nikafikia udongo wa kweli. Magugu nilitoa kwa mkono, nikiwa nimepiga magoti kama mtu anatubu. Mbolea ya ng'ombe nilipewa bure, ile iliyokaa hadi ikaacha harufu. Msiweke mbichi, inakuja na mbegu za magugu.

Mbegu ya nyasi sikununua. Kikuyu grass imejaa kando ya barabara. Nilijaza gunia, nikakata ile mizizi inayotambaa kwa urefu wa kidole, nikapanda kwa mistari, nafasi ya shubiri moja. Jioni namwagilia.

Maji ndiyo yanamleta Mzee Said kwa hii hadithi.

Mzee Said ni jirani wa upande wa kulia. Amestaafu kuendesha malori. Ni mtu wa msikiti, wa kuzaliwa Nakuru hii hii, haongei sana. Mwaka ule wa kwanza tulipohamia bila maji, yeye ndiye alikata fensi akatuwekea kageti kadogo ili tuchote kwa tanki lake. Hakuna siku aliniuliza nimechota ngapi. Hata hiyo nyasi ilinyweshwa na maji yake.

Kufikia Krismasi ilikuwa imeshika, wakuu. Si kama uwanja wa golf, lakini ukisimama mlangoni ukifinya macho ilikuwa kijani. Nilifunga kamba kuzunguka, nikatangaza kwa nyumba nzima kwamba hakuna mtu kukanyaga mpaka nitoe amri.

Januari mama yangu akaja kutoka Kuresoi. Goti linamsumbua, na kliniki iko huku. Ndugu yangu alimleta na pickup nikiwa kazini. Nilirudi nikampata ameketi jikoni na chai, nikamwonyesha nyasi kwa dirisha kama mtu anaonyesha mtoto mchanga. Akasema ni nzuri. Akauliza, "Na ng'ombe ataletwa lini?" Tukacheka.

Wiki ya pili ya shule kufunguliwa, nikapata baka la kwanza.

Lilikuwa katikati ya uwanja. Manjano. Lakini halikuwa baka la ugonjwa, kwa sababu ugonjwa hauna kona. Hili lilikuwa na kona nne, limenyooka, ukubwa wa godoro la watu wawili.

Nikachuchumaa, nikanusa udongo. Sikusikia dawa, lakini nikajiambia siku hizi kuna dawa hazinuki.

Siku chache baadaye, la pili, kando ya lile la kwanza. Halafu la tatu. Yote na kona.

Nikamwuliza mama kama kuna mtu anaingia mchana. Akasema hajaona mtu mbaya. Nilisikia hilo neno "mbaya" na sikulifanyia kazi. Mimi, mwenye kushuku!

Kisha nikapata punje za mahindi ndani ya nyasi, tatu hapa, mbili pale. Na kwa hii mipaka yetu, mwenye kuku ni nani? Mzee Said.

Kichwa changu kikaanza kazi. Anatupa mahindi ili kuku wake waje wachakure kwangu. Kuku wakiharibu pole pole, anaongezea dawa. Kwa nini? Kwa sababu kwake ni kivuli cha miti na vumbi, na kwangu kumekuwa kijani. Ni wivu. Mbona juzi alinisalimia akiangalia chini? Mbona gari la mtoto wake sasa linalala nje na garage imefungwa siku nzima? Ndani kuna nini kama si mitungi ya dawa?

Mnaona vile ilinoga. Kila kitu kilikuwa kinaingiana.

Sikumwuliza. Niliandika kwa group ya WhatsApp ya mtaa: "Kuna jirani anaingia compound ya mwenzake mchana na kumwaga dawa kwa nyasi. Tunamjua. Aache kabla tumtaje." Watu wakaanza kuuliza ni nani. Nikajibu, "Mwenye kuku anajijua." Hapa kwetu mwenye kuku ni mmoja.

Mzee Said alisoma. Zile alama zilikuwa bluu. Hakujibu kitu.

Nikaona amekubali makosa. Kesho yake nikatoka na kufuli ya dukani, nikafunga kale kageti alikotukatia yeye mwenyewe. Mama alikuwa amesimama mlangoni akinitazama. Akasema, "Baba, hiyo unafunga ni njia." Nikamwambia najua ni njia, ndiyo maana naifunga.

Akaingia ndani na kufunga mlango pole pole.

Ile wiki tulimwagilia kwa kununua maji ya mkokoteni. Ijumaa Mzee Said alipita barabarani akitoka msikitini, nikageuza uso. Kusema kweli roho iliniuma. Lakini nikiwa nimeshika kitu sikiachi.

Wiki iliyofuata nikaamua kumshika mchana kweupe. Nilitoka asubuhi kama kawaida, nikaomba ruhusa kazini, saa tano nikarudi na boda na kushukia mbali. Nyumba nikaipata imefungwa na mama hayuko. Nikapitia nyuma, nikajibanza nyuma ya tanki, simu mkononi, kamera tayari.

Baka la nne lilikuwa limeanza kutokea.

Nilikaa labda nusu saa. Kisha nikasikia geti kubwa, lile la mbele. Nikasikia gurudumu la wilbaro linalia. Nikainua simu.

Wa kwanza kutokea kwa kona ya nyumba alikuwa mama yangu.

Anachechemea. Ana karai ya mahindi kichwani, mkono mmoja umeshika goti. Nyuma yake Mzee Said anasukuma wilbaro yenye gunia, na juu ya gunia karatasi nyeusi ya nailoni iliyokunjwa. Walikuwa wamezunguka block nzima kwa barabara. Ile njia ya hatua kumi mimi nilikuwa nimeifunga.

Mama akavuka kamba yangu kwa uangalifu, kama mtu anavuka mtoto aliyelala. Wakatandika karatasi juu ya nyasi, wakamwaga mahindi, mama akaanza kuyasambaza kwa mkono.

Mzee Said akasema, "Mama, mimi nilikwambia umwambie huyu kijana. Sasa unatembea hivyo na goti."

Mama akasema, "Atakasirika. Hii nyasi anaipenda. Na ndiyo maana naisongeza karatasi kila wakati, ndio nayo ipate kupumua. Hili gunia likikauka nitamwambia."

Wakuu, yale mabaka yangu manne yalikuwa huruma ya mama. Angeliacha karatasi mahali pamoja ningekuwa na baka moja tu.

Nilitoka nyuma ya tanki. Mama alishtuka, punje zikamwagika. Mzee Said hakushtuka.

"Umetoka kazini mapema, Baba Joy," akasema.

Bado nilikuwa nimeinua simu kama mjinga.

Mama akaanza kujieleza haraka haraka, na hiyo ndiyo iliniumiza zaidi, kuona mama yangu ananiogopa kwa sababu ya nyasi. Wenye wanajua Kuresoi wanajua ukungu wa kule. Mahindi yanavunwa yakiwa na maji na yanaoza kabla kukauka. Desemba alikuwa ameniuliza kwa simu kama anaweza kuyaleta yapate jua la Lanet, nikamjibu, "Mum, hapa si shamba. Unga nitanunua." Nilikuwa nimesahau kabisa. Yeye hakusahau. Kwa hivyo ndugu yangu alipomleta, magunia yalishukia kwa Mzee Said, kwenye garage. Kuanika kwake hakuwezekani, ni kivuli na kuku. Upande wetu wa mbele ni kokoto. Jua lilikuwa kwa nyasi yangu.

Nikamgeukia mzee. "Kwa nini hukuniambia? Hata nilipoandika kwa group?"

Akapangusa mikono kwa kanzu. "Mama aliniomba ninyamaze, nikampa neno langu. Lakini ungeniuliza mimi, singekudanganya. Hukuniuliza. Ulifunga geti."

Halafu akachukua wilbaro yake akaenda, kwa njia ile ndefu.

Nikamwuliza mama, mahindi yote haya ni ya nani? Akaniangalia kama nimeuliza nyumba hii ni ya nani.

"Tangu Januari mnakula nini, baba?"

Nikaukumbuka mkebe wa unga jikoni. Mwaka jana duka lilitupunguzia mshahara, na mama alijua ingawa sikumwambia. Kila wiki alikuwa anapeleka gorogoro chache, ile mikebe ya kilo mbili, kwa posho mill zisagwe, anajaza unga ule mkebe. Mimi nilidhani mke wangu ndiye ananunua. Mke wangu alidhani ni mimi. Mimi nilishuku kuku, garage, salamu na mzee wa watu, lakini ugali uliokuwa mbele yangu kila jioni sikuwahi kuushuku.

Nilienda kufungua ile kufuli. Funguo ilikataa mara mbili.

Kisha nikapita hapo kwa kageti hadi kwa Mzee Said, nikamwomba msamaha uso kwa uso. Halafu nikamwomba tena kwa group, kwa jina langu, nikieleza kila kitu. Watu walicheka wiki nzima, na nilistahili. Yeye aliandika mara moja tu: "Yameisha. Maji yapo."

Sasa wale wa nyasi, kuna kitu nilipata hapo. Ile karatasi nyeusi kwa jua kali inachoma kila kitu. Gunia la mwisho lilipokauka, niliitandika pale kona ya tanki kwenye yale magugu ya majani matatu-matatu, nikakandamiza pande zote kwa mawe, nikaacha wiki sita. Yakaisha karibu yote. Mvua ya Machi ilipoanza nikapanda vipandikizi juu ya mabaka, na sasa huwezi kuonyesha yalikuwa wapi.

Isipokuwa moja. Lile la kwanza, la katikati, sijalipanda. Wageni huniuliza mbona nimeacha kipara cha kona nne katikati ya nyasi nzuri hivyo. Ni mahali pa mahindi ya mama.

Funzo langu ni fupi. Nilinusa udongo, nikajificha nyuma ya tanki langu mwenyewe, nikaandikia mtaa mzima, yote hayo ili nisitembee hatua kumi kuuliza swali moja.

Jana Mzee Said ameniita kwa fensi akauliza magunia ya mwaka huu yanashuka lini, atoe gari kwa garage. Nikamwambia yashuke kwangu, mlangoni.

Akasema sawa, lakini atakuja kusaidia kuanika.

Haya wakuu, nipigeni mawe, nimejiandaa. Na mwenye anajua vile mukengeria huisha kabisa, tafadhali aniambie. Hiyo bado inanishinda.