Oskiloskopu Niliyoichagua kwa Ukubwa

Mke wangu alikufa kwa kosa langu, na miaka yote hii watu wa mtaa wananipa pole. Sikumpiga wala sikumwekea sumu. Nilinunua mashine nisiyoijua, nikajifanya naijua. Wewe unayesoma ndiye wa kwanza kuambiwa.

Nilisoma hadi darasa la pili tu. Redio nilijifundisha mwenyewe kwa kuzibomoa na kuzirudisha, nikawa fundi wa kutegemewa hapa Tabora. Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, Ipuli. Walimu na makarani waliniletea redio zao, na hakuna aliyeniuliza cheti.

Kilichonikera ni kubahatisha. Redio inakoroma, unabadilisha kifaa hiki, unabadilisha kile, na miaka ile ya vijiji vya ujamaa vipuri vilikuwa adimu. Nikaitamani oskiloskopu, ile mashine yenye kioo kinachokuonyesha umeme unavyopanda na kushuka ndani ya redio. Ukiwa nayo, unaona ugonjwa ulipo.

Nikasikia kuna fundi Igunga, nimwite Masanja, anauza vyombo vyake. Alikuwa anahamishiwa kijiji kipya, na huko umeme hakuna. Nikapanda lori na fedha ya asali tuliyouza mimi na mke wangu, Mama Rehema. Ilitosha mashine moja.

Masanja alikuwa nazo mbili, bei moja. Ndogo ilikuwa ya kubeba kwa mkono, kioo chake kama mdomo wa kikombe. Kubwa ilikuwa kuukuu, bodi ya chuma tupu, swichi chungu nzima.

"Chukua ndogo," akaniambia. "Kwa redio unazotengeneza, inatosha na kubaki."

"Hii? Wateja watasema nimenunua saa ya mezani."

Akacheka. "Wateja wanataka redio iimbe, bwana fundi. Hawaji kutazama bodi."

Nikaishika kubwa. Hapo akaacha kucheka, akanionyesha plagi. "Waya wa ardhi humu niliukata mwenyewe. Kuna redio za umeme ukizipima na waya huu, fyuzi inakatika. Lakini bila waya huo, bodi yote inaweza kushika umeme. Ukifika kwako uurudishe kwanza. Waya wa ardhi unaujua, siyo?"

Sikuujua. Mimi nilijua nyaya mbili, wa kuja na wa kurudi. Huo wa tatu nilidhani ni pambo la Wazungu.

"Unanifundisha kazi?" nikamjibu.

Akapokea fedha ya ile kubwa. "Haya. Mimi nimekwambia."

Sasa ujue karakana yangu ilivyokuwa. Vumbi la Tabora wakati wa kiangazi linaingia kila mahali, na vumbi ndilo adui wa redio. Sakafu ilikuwa ya udongo, basi kila asubuhi Mama Rehema aliinyunyizia maji. Na nilikuwa na sheria: kila anayeingia avue viatu mlangoni. Awe karani, awe shehe, anavua. Mimi peke yangu nilibaki na katambuga zangu za tairi, kwa sababu mwenye karakana ni mimi.

Mpira wa tairi haupitishi umeme. Mashine ile haikunigusa hata siku moja.

Wengine iliwagusa. Karani mmoja aliiegemea, akaruka nyuma. "Mashine yako inang'ata, fundi."

"Inawajua waoga," nikamwambia, na waliokuwepo wakacheka.

Mama Rehema hakucheka. Jioni akaniambia, "Baba Rehema, hata mimi imenishika leo, mpaka kwenye kiwiko. Muulize aliyekuuzia."

"Nimuulize nini?"

"Kwa nini inashika watu. Kuuliza tu, utapungukiwa nini?"

"Ukiifuta, zungushia kitambaa mkononi."

Hilo ndilo jibu nililompa mama wa mtoto wangu.

Wiki hazikupita nyingi. Asubuhi moja nilikuwa napima redio kubwa ya umeme, ya zile ambazo chuma chake chenyewe hubeba umeme. Nilikuwa nimebana waya wa mashine kwenye hicho chuma, na kwa hiyo umeme ukahamia kwenye bodi ya mashine. Nikatoka kumsindikiza mteja hadi barabarani, nimeacha vyote vinawaka. Mama Rehema akaniletea chai. Sakafu ilikuwa mbichi, naye alikuwa miguu peku, kama nilivyoagiza. Nadhani alitaka kuisogeza mashine apate pa kuweka kikombe.

Nilisikia kikombe kikivunjika. Sauti yake sikuisikia. Nikamkuta ameishika bodi na mkono hauachii. Nikachomoa plagi. Akaanguka, na alikuwa ameshakwisha.

Kabla sijaita mtu, niliibeba mashine nikaifunika gunia uvunguni. Hicho ndicho nilichofanya kwanza. Kaka zake walipofika kutoka Itetemia niliwaambia ni moyo, ameanguka ghafla. Walinishika mabega, tukalia pamoja. Shangazi yake aliyemwosha akaniuliza habari ya alama nyeusi kiganjani. Nikasema ni sufuria ya chai.

Baada ya arobaini nikamuuzia mashine mtu wa Nzega. Aliuliza kama ina ubovu. Ningemwambia waya umekatwa, angeuliza nimejuaje. Nikasema ni nzima.

Baadaye fundi mwingine alinieleza waya wa ardhi ni nini, na jinsi ya kuurudisha. Ni kazi fupi kuliko kuchemsha chai.

Rehema sasa ni mtu mzima. Anaamini mama yake alikuwa na moyo mbovu, na kila mara anawapeleka wanawe hospitali wapimwe moyo. Mimi babu yao nakaa kwenye benchi nawasubiri.

Ninyi vijana mnaojinunulia vyombo vilivyotumika, acheni kupima ukubwa wa bodi. Fungua plagi, hesabu nyaya. Muuzaji akitaja kitu usichokijua, mwambie hukijui, hata mbele ya watu, hata kama wewe ndiye fundi mkubwa wa mji.

Na wewe mwenye oskiloskopu kubwa ya chuma iliyonunuliwa Nzega, kuukuu, kona moja imebonyea: hiyo ni yangu. Ichomoe sasa hivi. Kwanza vaa viatu.