Sakafu ya Mama Paka

Nilipofika Geita, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nilikuwa na mume, sanduku la bati, na paka jike wa kijivu aliyesafiri ndani ya kapu kutoka kwetu Kishapu akilia njia nzima. Mtoto sikuwa naye. Tulikuwa tumeoana muda wa kutosha kwa watu kuanza kuniangalia tumboni kabla ya kuniangalia usoni, na mimi sina subira na watu wa namna hiyo. Nilifurahi kuhama.

Mume wangu alikuwa amepata kazi ya mgodi, kwenye kinu cha kusagia mawe ya dhahabu. Kinu kile kilikuwa hakilali. Kilipondaponda mchana kutwa na usiku kucha, na wanaume waliokihudumia walirudi nyumbani wakiongea kama watu wanaoitana kutoka ng'ambo ya mto. Wangu alikuwa hivyohivyo. Hata akiniomba chumvi, majirani walijua kwamba chumvi imepungua. Alisema kinu kimemla masikio, na mimi nilimwonea huruma, ingawa niliona kwamba nikifunua sufuria jikoni anasikia akiwa barabarani.

Mgodi ulitupa nyumba ya mwisho katika safu ya kota, nyumba ya bati yenye sakafu ya sementi. Sikuwa nimewahi kukaa na sakafu ya sementi. Kwetu sakafu ilikuwa ya udongo, tukiisiriba kwa mavi mabichi ya ng'ombe, na ukimwaga maji inayanywa yenyewe. Sementi haikunywa chochote. Ukimwaga maji yanakurudia miguuni, yanakusubiri uamue. Siku ya kwanza niliifagia, nikaimwagia maji, kisha nikasimama mlangoni na ufagio wangu, sijui sasa nifanye nini.

Katika safu ile kila mwanamke alikuwa Mama Fulani, kwa jina la mtoto wake. Mimi niliitwa "yule wa nyumba ya mwisho." Hali hiyo ilivunjwa na jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mzee wa Kizaramo aliyekuwa seremala wa mgodi. Sisi Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu babu zetu walipobeba mizigo kwenda pwani, na mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukuchukulia kuku, na kucheka kwenye msiba wako, na wewe huna ruhusa ya kununa. Asubuhi moja alinikuta namwita paka aje ale dagaa. Akaweka mkono kifuani, akainama, akasema kwa heshima zote, "Shikamoo, Mama Paka."

Ilipofika jioni safu nzima ilikuwa imelipokea. Nilinuna, ruhusa au si ruhusa. Nilifunga mlango nikalia, kwa sababu nilijua kilichokuwa nyuma ya jina lile. Kisha, sijui ilikuwaje, kesho yake mwanamke mmoja aliita "Mama Paka!" kisimani, nikageuka nikaitika, na nikaona utamu. Lilikuwa jina langu. Nilikuwa mama wa kitu.

Mume wangu, kwa hesabu hiyo, akawa Baba Paka, naye hakuona utamu wowote. Kila asubuhi alipotoka na mkebe wake wa chakula, yule seremala, mtu wa umri wa baba yake, alimsimamia njiani: "Shikamoo, Baba Paka!" Mume wangu alipita kama anayepita mti. Hakugeuza hata shingo. Nikimuuliza mbona hamwitikii mzee wa watu, ananiita mama kwa Kisukuma chetu, kwa sauti ya kuamsha kota nzima, "Kinu, mayu! Sisikii kitu!"

Basi tukawa tumetulia hivyo, mpaka alipoingia Bwana Afya.

Sitaki kumfanya kichaa. Masika yale kuhara kulikuwa kumepita kotani na kulikuwa na makaburi madogo mapya, na yeye ndiye aliyekuwa ameyasimamia. Alikuwa kijana wa soksi ndefu zilizovutwa mpaka magotini, na hasira yake juu ya uchafu ilikuwa ya kweli. Alimgawia kila mwanamke chupa ya dawa nyeusi, yenye harufu ya kukata machozi. Ukiitia kwenye ndoo inageuka nyeupe kama maziwa. Amri ilikuwa kwamba kila siku ya ukaguzi sakafu zote zipigwe deki kwa dawa hiyo. Nyumba isiyonuka dawa itachorwa msalaba wa chaki mlangoni, na nyumba ikijaa misalaba, wenyewe wahamishiwe kwenye mabanda ya nyasi kule bondeni.

Kilichonishangaza ni ukaguzi wenyewe. Hakuangalia sakafu. Alisimama mlangoni, akafumba macho, akavuta pumzi kwa pua mpaka soksi zikapanda. Ikitosha, anasema "Safi" na kwenda nyumba ya pili. Mama mmoja wa katikati ya safu alikuwa na ganda la muwa na mifupa ya samaki chini ya meza, akapewa "Safi" na pongezi juu.

Siku ya kwanza nilitii. Nilipiga deki mpaka pembeni, bila kupunguza ukali wa dawa. Paka akapita juu ya sakafu mbichi, akaenda kukaa kizingitini, akaanza kujilamba nyayo, mguu mmoja baada ya mwingine, kwa utaratibu wake wa siku zote. Adhuhuri alianza kutoa mate. Miguu ikatetemeka. Alijaribu kuja kwangu, akaanguka ubavu.

Nilimwosha nyayo kwa maji na sabuni, nikamfunga kwenye kanga, nikakaa naye chini ya ukuta nje. Nilimwomba Mungu kama anavyoombewa mtu. Mwenye kunicheka acheke, lakini nilijua ninalia nini: paka huyu akifa, kesho mimi naitwa nani? Mume wangu aliporudi kutoka zamu akasimama, akatutazama. Nilingoja aseme neno. Akasema, na Geita yote ikasikia, "Paka ni paka!" Akaenda kuoga. Nilimchukia alasiri ile kuliko nilivyopata kumchukia mtu.

Aliyekuja kukaa nami ni mtani. Alikuja na jeneza. Lilikuwa jeneza kamili, dogo, la mbao za mgodi, amelipiga randa vizuri na kulitia mfuniko. Alilia kwa sauti tangu mlangoni kwake, akauliza wali wa msiba uko wapi, akatoa futi mfukoni akampima marehemu ambaye bado alikuwa akipumua.

"Mkia umezidi," alisema akitikisa kichwa. "Tutaukunja, Mama Paka, au nikate dirisha?"

"Ondoka hapa, mzee! Ondoka na sanduku lako!"

"Siondoki bila wali. Msiba gani huu wa njaa? Ndio maana Wasukuma hamfi, hamna chakula cha kuwazikia."

Nilimfukuza kwa ufagio huku machozi yananitoka na kicheko kinanitoka, vyote kwa pamoja, na alipokimbia aliliacha jeneza. Jua lilipoanza kushuka, paka alilamba maziwa kidogo kwenye kidole changu. Kesho yake alisimama, akazunguka nyumba akiyumba, akaliona lile jeneza pembeni ya gunia la unga, akaingia, akajikunja humo na mkia wake wote, akalala. Tangu siku hiyo hakulala mahali pengine.

Sasa nilikuwa na sakafu, na paka, na ukaguzi unakuja tena. Wanawake wa kota walinipa mashauri. Mmoja alisema mafuta ya taa, na nikamshukuru, kwa kuwa si vizuri kumjibu mtu unavyotaka. Mwingine alisema magadi. Magadi yaling'arisha sementi kweli, lakini yalinichubua vidole, na kama yanachubua vidole vyangu, ulimi wa paka utakuwaje? Nikamwaga ndoo yote. Nikajaribu rangi nyekundu ya kopo, ile ya kung'arisha sakafu za wakubwa. Paka akatembea kabla haijakauka, akapiga mihuri kwenye mkeka, kwenye shuka, na kwenye shati jeupe la kanisani la mume wangu, katikati ya mgongo. Nilimfuta nyayo kwa kitambaa chenye mafuta ya kula mpaka mikono yangu ikawa ya mchinjaji. Shati halikutoka rangi. Alikwenda nalo kanisani, na waliokaa nyuma yake hawakusikia mahubiri.

Ndimu ndizo zilizoleta vita. Nilikamua ndimu nyingi kwenye maji, nyumba ikanukia vizuri. Paka alinusa mara moja, akanitazama kama mtu aliyetukaniwa mama yake, akaondoka. Alihamia kwa seremala. Mzee akatoka uwanjani kutangaza kwamba mtoto amekataa baba mlevi na mama mchawi, kwamba kuanzia leo Baba Paka ni yeye, na tukimtaka tulete mahari ya ng'ombe.

Mume wangu alikuwa ndani amelala. Akafumbua macho. "Mwambie amrudishe paka!" alisema, akageukia ukutani.

Nilisimama pale na maganda ya ndimu mkononi. Ukuta ulikuwa katikati yao, na mzee hakuwa amepaza sauti hivyo. Lakini nilikuwa na mambo mengi, nikaliacha lipite.

Aliyenipa jibu ni mke wa mwenye duka, Mhindi, mama mtaratibu mwenye paka wawili wa kulinda magunia. Nilimkuta anafagia. Nilimweleza yote. Hakucheka.

"Mama," alisema, "kitu unaweka chini, wewe jua paka atakula. Yeye hana viatu. Atakanyaga, atalamba. Kama wewe huwezi kulamba, usiweke."

"Sasa wewe unatumia nini?"

"Maji moto. Sabuni ya mche, kidogo tu. Halafu maji matupu. Halafu funga mlango mpaka ikauke." Akaegemea ufagio wake. "Kwa mama yangu, kule Bara Hindi, sisi tulipaka mavi ya ng'ombe. Paka hapana kufa hata mmoja."

"Na kwetu!" nilisema, na tukatazamana kama ndugu waliopotezana.

Nikafanya alivyosema. Sakafu ikawa safi ya kulalia, na paka akarudi kwenye jeneza lake. Ilibaki pua ya Bwana Afya. Hiyo niliitafutia dawa yake mwenyewe: nilichovya kitambaa kwenye ile chupa nyeusi, nikakifunga nje, juu kabisa ya mlango, ambako paka hafiki. Siku ya ukaguzi alisimama chini yake, akafumba macho, akavuta. Akayumba kidogo.

"Hii," alisema, "ndiyo nyumba."

Wanawake wana macho. Haukupita muda kila mlango wa kota ukawa na kitambaa chake. Mama wa ganda la muwa, ili asikosee, alijipaka na nyuma ya masikio.

Ningeshukuru mambo yangeishia hapo. Lakini Bwana Afya alipendezwa na nyumba yangu mno. Asubuhi moja alikuja na wanawake wote wa safu nyuma yake, ili waone mfano wa sakafu iliyotiwa dawa, na kabla sijafungua mdomo alivua viatu, akaomba ndoo, akamimina chupa nzima. Nzima. Akaanza kudeki mwenyewe akiwa na soksi zake, huku anafundisha. Sakafu yangu ikawa bahari ya maziwa. Nikimwambia aache, itabidi nieleze kitambaa, na nikieleza kitambaa, tunahamishiwa bondeni. Nilikuwa nimesimama na mkono mdomoni. Pembeni ya gunia, ndani ya jeneza, paka aliamka, akajinyoosha, akatoa mguu mmoja nje.

"Mtoto wangu!"

Mume wangu alikuwa mlangoni, ametoka zamu, na vumbi la mawe mpaka kwenye nyusi. "Mnataka kumuua mtoto wangu?" Aliingia na mabuti yake ya kinu, akafika katikati, akateleza, akaenda chini urefu wake wote na kuserereka mpaka kwenye gunia. Alipoinuka alikuwa mweupe kutoka kisogoni hadi visiginoni, na paka yuko juu ya kichwa chake, ameshikwa kwa mikono miwili, mkavu. Sauti ile nadhani waliisikia mpaka kwenye mashimo ya mgodi.

Bwana Afya alitazama alama za mabuti kwenye sakafu yake ya mfano.

"Mtoto gani?" aliuliza.

"Huyu!"

"Na hilo jeneza?"

"Kitanda chake!"

Hapo nikaona hakuna la kuficha. Nikamweleza mate, mtetemeko, sabuni ya mche, maji moto, na mlango wa kufunga mpaka ikauke. Alisikiliza. Kisha aligeukia mlango, akainua macho polepole mpaka kwenye ncha ya kitambaa iliyoning'inia, akaitazama. Wanawake wote wakatazama chini. Chaki ilikuwa mfukoni mwake, nikaona mkono wake unaigusa, kisha unaiacha.

"Lakini chooni," alisema akivaa viatu, "chooni dawa ni lazima."

"Chooni, ndiyo, bwana," nikasema. Paka hakuwa na shughuli chooni.

Tulitoka nje wote kusubiri nyumba ikauke. Mume wangu alikuwa anadondoka dawa, bado amemnyanyua paka mbali na nguo zake, hamshushi. Seremala alikuwa amesimama kwake mlangoni. Nilijiandaa kwa kelele zake. Lakini alikuja taratibu, akaweka mkono kifuani, akainama, na safari hii alisema kwa sauti ndogo sana, hata mimi niliyekuwa karibu niliisikia kwa shida, "Shikamoo, Baba Paka."

"Marahaba," alijibu mume wangu.