Afisa wa mfuko wa waliojiajiri alituambia "taja mtu wako wa karibu", machimbo yakanyamaza

Wakuu, salamu kutoka Nyarugusu huku vumbini. Ninachoandika nilikuwepo, wala siongezi chumvi. Anayebisha aje nimuonyeshe watu.

Mimi ni mchimbaji mdogo. Sina mwajiri wala mkataba. Nachimba kwenye duara, yaani shimo la dhahabu, la mzee mmoja ambaye hapa nitamwita Mzee Shija. Tunagawana mawe, kila mtu anaondoka na fungu lake.

Siku moja Mzee Shija, ambaye sisi tunamwita bosi, akatuletea kibandani afisa wa mfuko wa hifadhi ya jamii. Kwamba na sisi tuliojiajiri tunaweza kuchangia kidogo kidogo kwa simu. Ukizeeka unapata kitu, ukifa familia haibaki mikono mitupu.

Mashaka yakaanzia hapo hapo. Bosi ambaye hata gambuti hakununulii, leo anahangaika na uzee wako?

Afisa mwenyewe alikuwa dada mmoja mpole, hana neno. Ila aliteleza sehemu moja tu. Alisema, "Sasa kila mmoja ataje mtu wake wa karibu."

Kibanda kizima kikanyamaza.

Kwa msiojua machimbo: hayo ndiyo maneno ambayo mganga anasemekana kumwambia mtu anayetaka mali ya haraka. Unamtaja mtu wako, yeye anaondoka duniani, dhahabu inatoka. Sijawahi kushuhudia, lakini huku hata wasioamini hawalifanyii mzaha.

Dada wa watu alikuwa anauliza mrithi wa mafao. Katoka zake mjini, angejuaje?

Ghafla kila mtu akakumbuka ana shughuli. Mimi nikasepa. Rafiki yangu Masanja akabaki, akajiandikisha. Jioni nikamuuliza kamtaja nani, mke au mmoja wa mapacha wake. Jamaa akacheka mpaka akakohoa.

"Nimemtaja bosi mwenyewe. Kama kuna mtu wa kuondoka, aanze yeye."

Tulicheka sana aisee. Na Masanja alichangia kweli, kila tukigawana mawe lazima atume. Alikuwa anasema hataki wale mapacha waje kuingia shimoni kama yeye.

Mwaka haukuisha. Masanja akagongwa na lori akiwa kwenye bodaboda, njia ya Kharumwa, anakwenda kumuona mama yake. Akafia palepale. Naandika hapa na roho bado inaniuma, yule alikuwa mtu.

Msibani minong'ono ikawa moja tu: Shija kamtoa Masanja kafara. Na kibaya zaidi, siku zile zile duara likaanza kutoa dhahabu nyingi. Nami nilikuwa namwangalia bosi anavyokula ugali wa msiba, namchunguza mpaka anavyotafuna.

Baada ya matanga, mjane wa Masanja, Mama Kulwa, akaniomba nimsindikize ofisi za mfuko Geita mjini. Walitupokea vizuri tu. Kufungua mfumo wao, mrithi ni Shija. Mama Kulwa akanigeukia, akaniuliza kama mumewe alilazimishwa. Ikabidi nimweleze ule utani. Alicheka, halafu akalia pale pale kaunta.

Tukaambiwa njia ya haraka ni bosi aje aikane haki hiyo kwa maandishi. Vinginevyo ni mahakamani, na huko mnajua wenyewe.

Tukamfuata. Shikamoo, marahaba, kueleza tu shida yetu, mzee akasimama. Hasaini. Hataki hata kuiona hiyo karatasi. Anasema akishika kalamu tu, Nyarugusu nzima itajua kweli amemla Masanja. Mimi moyoni najiuliza, kama huna lako jambo, sasa unachoogopa ni nini?

Mama Kulwa akamjibu taratibu, "Baba, usiposaini ndiyo watajua umemla."

Mzee akakaa chini. Akakubali, ila kwa sharti kwamba asaini mchana, wachimbaji wote wanaangalia. Yule dada wa mfuko akaja tena, watu wakajaa. Kalamu ikiwa mkononi, mzee akamuuliza mjane mbele ya wote: kwa nini Masanja alimtaja yeye na siyo mke wake?

Nikajua sasa yameharibika.

"Alikuamini, baba," akasema Mama Kulwa.

Mzee alisaini huku machozi yanamtoka. Mafao yakatoka, mapacha wako shule. Kama yale machozi yalikuwa ya huruma au ya kitu kingine sijui, na mimi bado simwamini sana.

Nilichojifunza, wakuu: usichoelewa uliza pale pale, na mrithi mwandike yule unayetaka ale. Utani na mambo ya mafao haviendi pamoja.

Nami nimejiandikisha, kwa simu, nyumbani, mke wangu yuko pembeni. Tulipofika kwenye mrithi akanishika mkono.

"Usinitaje."

Nikamkumbusha habari ya Mama Kulwa. Akasema anaijua yote, alikuwepo siku mzee anasaini, lakini nisimtaje. Nikamtaja. Tangu hapo hajacheka na mimi, na kila nikitoka kwenda duarani ananiuliza leo nimepata kiasi gani, halafu ananitazama.

Wenzangu mliojiandikisha, mmemtaja nani? Na mwenyewe mmemwambia? Nasoma maoni yenu.