Kifungo cha Mwisho cha Blauzi ya Mama

Niseme mapema kabisa: siku hiyo sikuwa nimesinzia, sikuwa na homa, na pombe situmii kwa sababu ya vidonda vya tumbo, wala si utakatifu. Ilikuwa Alhamisi, saa tisa alasiri, nyumbani kwangu Uyole. Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani, maana mimi kutoka nje ni mpaka gesi iishe, majirani wote wanajua.

Mama alikuwa amelala chumba cha nyuma. Hospitali walisema tumrudishe nyumbani akapumzike, na unajua wakisema hivyo wanamaanisha nini. Alikuwa anataka kitu kimoja tu: kubariki ndoa. Yeye na Baba walitoroshana wakiwa vijana, wakazaa watoto watano, na miaka yote hiyo kanisani bado wanahesabika wachumba. Meza ya Bwana anaiangalia kwa mbali, kushiriki haruhusiwi. Alisema hataki kufa kabla hajafungishwa ndoa, na Mchungaji akakubali kuja nyumbani Jumamosi.

"Nishonee blauzi kama zile za enzi zetu," aliniambia. "Kola ndogo, mikono ya puto, vifungo mgongoni. Nisionekane mgonjwa. Nionekane nimechelewa tu."

Sasa mimi ni fundi wa sare za shule na kupunguza suruali. Lakini nilikuwa na pakiti niliyoipata kwenye mitumba soko la Mwanjelwa, ndani yake patani, yaani karatasi ambazo vipande vya nguo vimeshachorwa, unabandika kwenye kitambaa unakata. Juu ya pakiti kuna mdada wa kizungu wa zamani amevaa blauzi ileile aliyoisema Mama. Maelezo Kiingereza kitupu, na Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, tena matokeo yenyewe tusiyaongelee. Sisi huku tunampima mtu, tunachora kwa chaki, halafu tunaongeza nafasi ya mshono. Basi nikaongeza. Ningejuaje kwamba zile karatasi zilikuwa na nafasi hiyo tayari? Nimeunganisha, naiinua juu: inamtosha Mama pamoja na Mchungaji.

Ilibidi niipunguze juu ya mwili wa mtu, na mwili sina. Mama kusimama hawezi. Mimi kukaa kwangu ndani kumenijaza, umbo langu na la Mama ni mbali kabisa. Jirani zangu wote wamelishwa wakashiba, mwembamba hakuna. Nje mvua na ukungu, Jumamosi ni keshokutwa. Nikaweka kichwa juu ya cherehani nikaanza kulia kimyakimya, Mama asisikie.

"Dada, nikusimamie?"

Hodi sikuisikia. Mlangoni alikuwepo mama mmoja mwembamba, amejitanda kitenge cha kijivu. Umbo la Mama kabisa, kuanzia mabega hadi kiuno. Sikumuuliza jina. Ungemuuliza wewe? Nikasema karibu, nikamvalisha, nikaanza kubana kwa pini.

Nilikuwa nimefika katikati ya mgongo nilipogundua kitenge chake ni kikavu, na mvua ilikuwa inamwagika. Nikakosea kubana. Pini ikazama yote mwilini mwake, kikabaki kichwa cha pini tu. Hakushtuka.

"Samahani," nikasema.

"Endelea tu."

Niamini, hapo ndipo nilipousikia ukimya. Kikohozi cha Mama, ambacho hakikuwa kimepumzika tangu Jumatatu, kilikuwa kimekatika.

"Una umbo la mama yangu," nikasema, ili mradi niseme kitu.

"Ndiyo maana nimetumwa mimi. Vifungo vingapi?"

"Kumi na moja."

"Ukishakaza cha mwisho, nitakuja kumchukua."

Nilishika ukingo wa meza. "Jumamosi anafunga ndoa."

"Basi shona."

"Na nisipokikaza?"

Akaniangalia kama mteja aliyeambiwa njoo kesho. "Nguo ambayo haijaisha sina kazi nayo."

Akaivua taratibu, akaiweka juu ya kiti, akatoka. Nilichungulia. Barabara yetu imenyooka mpaka kwenye mashine ya kusaga, tope tupu. Hakukuwa na mtu, wala alama ya mguu. Ndipo Mama akakohoa kule ndani, nami nikakaa chini sakafuni nikalia kwa kukifurahia kikohozi.

Nilikaza vifungo kumi. Cha kumi na moja nikakitupa chooni, mahali pake nikaweka pini.

Jumamosi Mama aliegemezwa mito, akajibu "ndiyo" kabla Mchungaji hajamaliza kuuliza. Baba alilia mpaka koti likalowa. Mgongo ulifunikwa na khanga, pini hakuna aliyeiona. Jumapili Mama akaomba uji. Mwezi haujaisha, anasema ugali wangu mbichi.

Alikaa nasi miaka miwili. Kila Jumapili blauzi, na kila Jumapili maneno.

"Fundi gani wewe, unamwacha mama yako na pini mgongoni?"

"Kesho, Mama."

"Kesho yako ina ndevu."

Sikumwambia. Ningeanzaje? Mama na Ulutheri wake angeniitia wazee wa kanisa waniombee, halafu mtaa mzima ungepata cha kuchekea.

Kisha akaenda Iringa kwa Mama mdogo, kuna mjukuu anapata kipaimara. Jumamosi jioni akanipigia, anacheka.

"Mama mdogo wako kanionea huruma. Kakishona kile kifungo, dakika tano tu. Hakifanani na vingine, lakini kimeshika."

"Mama, kikate."

"Nini?"

"Chukua mkasi, kikate sasa hivi. Nakuomba."

"Umeanza, mwanangu."

Kabla sijajibu, nilimsikia Mama mdogo, mbali kidogo na simu, akisema kwa ile sauti yake ya ukarimu: "Karibu, dada, karibu ndani. Usisimame mvuani."

Tulimzika na ile blauzi. Kengele ya kanisa ilipigwa, wimbo ukaimbwa, maana alikuwa mke halali wa mtu. Mama mdogo mpaka leo anauliza yule mgeni alipita wapi, maana alimwandalia chai akakuta kiti kitupu. Nami mpaka leo nashona mapazia, kwa sababu pazia halina kifungo.

Wewe unayenisikiliza, fundi akikuachia nguo haijaisha, usiimalizie kabla hujamuuliza kwa nini. Na kama kuna jambo umeliona ukalinyamazia kwa kuogopa kuchekwa, nenda ukaseme leo. Mama angenicheka mwezi mzima. Ningekuwa naye huo mwezi.