Mfumo Ambao Hakuna Anayeujua

Wanafunzi wake walimwita Breki, na hakuna aliyethubutu kulitamka jina hilo akiwa ndani ya gari. Alikuwa mwalimu wa udereva, mwanamke mfupi mwenye sauti iliyomzidi kimo, na neno alilolipigia kelele kuliko yote kazini ndilo lililomganda. Watu wazima wenye ndevu zao walishuka kwenye gari lake macho mekundu. Lakini mtihani walifaulu, kwa hiyo shule haikumgusa.

Ndoa yake ilipovunjika alirudi kwa mama yake, kwenye nyumba aliyokulia, akakuta chumba chake kimekuwa stoo na jiko lina mwenyewe. Mdogo wake wa kiume, mwokaji mikate, alikuwa ameoa. Mkewe alikuwa mhasibu wa duka la jumla la vifaa vya ujenzi, mwanamke nadhifu, mpole wa sauti, aliyeweza kukutukana bila kupandisha hata unyusi. Wanaosema fahari wawili hawakai zizi moja hawajawahi kuona mawifi wawili kwenye sinki moja. Huyu akiosha sufuria, yule ataiosha tena, mbele yake, taratibu.

Mama yao, ambaye miguu ilimvimba na kutoka nje kulimshinda, alishinda sebuleni mbele ya televisheni. Hakuwa mtu wa tamthilia. Marehemu mumewe alikuwa mpiga video wa harusi, na aliacha masanduku ya kanda. Breki alizihamishia kwenye diski ya kompyuta, moja baada ya nyingine, kabla ukungu haujazimaliza, na kazi hiyo ilimla likizo zake zote. Baba mwenyewe haonekani popote kwenye video hizo, kwani ndiye aliyeshika kamera. Anasikika tu, akiwaelekeza maharusi: inua kidevu, bibi harusi, bwana harusi, usinitazame mimi, mtazame wako. Mama hakuwa na haja na harusi za watu. Alikuwa anasikiliza.

Shida ni kwamba kila alipotaka video nyingine, lazima mtu aje achomeke diski na kuitafuta. Ndipo mwokaji alipoleta kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi ya kiwanda chao, akasema iwekwe chini ya televisheni iwe seva ya nyumba. Video zote zikae humo, mama abonyeze rimoti tu, na wengine watazame vyumbani mwao. Wazo lilikuwa zuri. Kilichobaki ni kuchagua mfumo wa kuiendesha, na hapo ndipo nyumba ilipowaka moto.

Mhasibu alitaka Windows. Ndiyo waliyotumia kazini kwake, kila mtu anaijua, na kikiharibika kitu hukosi wa kumuuliza. Breki alitaka Linux. Mwanafunzi wake mmoja wa zamani, fundi kompyuta, alimweleza kwamba mashine ile imezeeka, na Linux ni ya bure, ni nyepesi, inaweza kukaa imewaka mwaka mzima bila kudai chochote. Wote wawili walikuwa na hoja, na hakuna aliyeisikia ya mwenzake. Mhasibu alimwambia mumewe, kwa sauti ya kumfikia aliye jikoni, kwamba kuna watu hata ndoa iliwashinda kuiendesha, leo wanataka kuendesha seva. Jibu likatoka jikoni kwamba kuna watu wamekaa siti ya abiria maisha yao yote na kazi yao ni kulalamikia barabara. Mwokaji akasema waweke wanachotaka, yeye anaamka alfajiri. Akaenda kulala.

Breki hakungoja. Siku yake ya mapumziko, wifi yake akiwa kazini, aliweka Linux, akafunga diski mpya kubwa, akaipanga kwa namna ya Linux na kuhamishia humo video zote za baba. Diski ya zamani ilikuwa imeanza kukwaruza, akaitupa, kama alivyokwisha kuzitupa kanda zilizooza. Jioni mama alibonyeza rimoti akamkuta mumewe anamgombeza mgeni aliyemzibia kamera. Alicheka mpaka akapaliwa.

Ila seva ilidai nywila kwa yeyote aliyetaka kuongeza kitu, na nywila alikuwa nayo Breki peke yake. Mhasibu alipoiomba ili aweke katuni za binti yake, aliambiwa aseme anachotaka, kitafikiriwa. Akaomba tena kupitia mumewe. Breki akamjibu mdogo wake kwamba gari la shule haachiwi mwanafunzi. Utamu wa jambo hilo alitembea nao wiki nzima, akawa hata barabarani hapigi kelele sana.

Jumamosi moja, Breki akiwa kazini, mhasibu alitoa mkobani flashi aliyopewa na mfanyakazi mwenzake, akaifuta Linux kwenye diski ndogo ya ndani ya mashine na kuweka Windows. Video za mkwe wake alidhani bado zipo kwenye ile diski ya zamani. Mama alikuwa amekaa palepale akidhani kompyuta inasafishwa. Mashine ilipowaka, haikuweza kuisoma ile diski kubwa, maana ilipangwa kwa namna isiyoijua. Kikatokea kisanduku kikisema diski hiyo haiwezi kutumika mpaka ifomatiwe, yaani ipangwe upya; je, ifomatiwe? Mhasibu alishaona ujumbe kama huo kwenye flashi mpya kabisa. Hata hivyo alisita. Akamwandikia Breki kwenye simu: "Wifi, hii diski kubwa ina kitu?"

Breki alikuwa ameegesha kando ya barabara, mwanafunzi anafuta jasho. Aliusoma ujumbe akaelewa vizuri kabisa kwamba kuna mkono kwenye seva. Angeweza kupiga simu. Akaandika: "Mambo ya nyumbani kwetu hayakuhusu." Kisha akamwambia mwanafunzi awashe gari.

Mhasibu aliyasoma maneno hayo mara mbili. Akabonyeza ndiyo, halafu akajaza katuni.

Breki aliporudi alikuta mtoto amekaa chini anatazama sungura wanaofukuzana, na mama kashika rimoti kama kitu cha mtu mwingine. Alielewa kabla hajavua viatu. Alimwita wifi yake mwizi, akamwita mchawi, akasema mengine ambayo majirani waliyarudia kwa muda mrefu. Mhasibu hakupandisha sauti.

"Nilikuuliza," alisema. "Ungejibu neno moja tu."

Mama ndiye aliyewanyamazisha.

"Wewe ulijua, hukusema. Na wewe hukujua, ukabonyeza. Sitaki chai ya yeyote kati yenu."

Hakuwa anatania. Tangu siku hiyo alikula alichopika mwanawe tu, na mwokaji, nje ya mkate, hakujua kupika. Wali wake ulikuwa uji kwa juu na mkaa kwa chini. Mama aliula wote, akiwatazama.

Breki alimpelekea fundi ile diski. Fundi alisema diski iliyofomatiwa harakaharaka haijafutika yote, ila palipoandikwa kitu kipya cha zamani hakirudi tena, na katuni zilikuwa zimekalia sehemu yake. Alizirudisha video nyingi, baadhi zimekatika katikati, zote zimepoteza majina na kubaki na namba. Mama akaamuru mawifi wakae wote wawili mbele ya televisheni wazitambue harusi moja moja. Walikaa Jumapili nyingi, kila mmoja kwenye ncha yake ya kochi, wakizungumza kupitia kwake. Mama, mwambie asogeze mbele. Mama, mwambie nimesikia. Kuna harusi sauti ya baba iliisha katikati ya neno, na Breki akatoka nje. Mhasibu alibaki akitazama mikono yake. Hakumfuata.

Fundi alipokuja kuifunga seva upya aliuliza ni mfumo gani sasa. Wote wawili wakaanza kujibu. Mama akainua mkono.

"Upi bora, mwanangu? Sema kweli."

"Kwa kazi hii, mama, wowote unafaa. La maana ni kuwa na nakala mbili, na nywila ijulikane."

"Basi weka ule ambao hakuna kati ya hawa anayeujua."

Fundi alimtazama mwalimu wake kwa woga wa zamani, kisha akaweka mfumo mwingine kabisa, uliotengenezwa kwa kutunza faili na kurusha video tu. Nywila akapewa mwokaji. Nakala ya pili akakabidhiwa mama, akaifungia kabatini kwake.

Breki alipanga chumba karibu na shule ya udereva. Huja Jumapili. Wifi yake humfungulia mlango, "Karibu, wifi," naye hujibu, "Asante, wifi," kama watu wanaorudishiana chenji. Mama alianza tena kunywa chai ya kila mmoja, ila si siku moja.

Jumapili iliyopita seva iligoma kuwaka. Wote wawili waliitazama, kila mmoja kutoka kwenye kiti chake, na hakuna aliyenyanyuka. Mama akachukua simu, akampigia fundi.