Hellen na Kontrol-H

Hellen wa steshenari ya Soweto, pale Moshi, hakuwa mvivu. Alikuwa na ugomvi na kipanya cha kompyuta tu. Akimwona mtu anakivuta hadi juu ya skrini kutafuta kitufe cha kukoleza maandishi, roho ilimuuma kana kwamba kuna mtu anamwaga pombe ya mbege. Kila kazi aliitafutia amri fupi ya kibodi, na mara nyingine aliitafuta kwa muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Ukimwambia hivyo, ananuna.

Baba mkwe wake, mzee Aristides wa Kirua Vunjo, alipofariki, familia ilimpa Hellen kazi ya kuchapa wasifu wa kusomwa kanisani. Alitaka sana mama mkwe wake, Bernadetha, aone kwamba huyu mkwe wa mjini naye ana faida. Wasifu ulikuwepo tayari. Alikuwa ameuchapa wazee hao wawili walipofanya jubilei ya ndoa yao. Akaongeza habari za ugonjwa na za familia aliyoiacha, kisha akakaa akipima: aingize neno "marehemu" kwa mkono kila penye jina, au abadilishe yote kwa mpigo? Swali gani hilo! Kontrol-H, amri ya kubadilisha maneno: kila "Aristides" iwe "marehemu Aristides", badilisha yote, chapisha. Chai yake ilikuwa bado ya moto.

Bernadetha, aliyekuwa amekaa kando yake pale dukani, akavaa miwani, akasoma taratibu. Ghafla akashika kifua.

"Ruwa wangu, Mungu wangu! Hellen, hapa umeandika marehemu Aristides yuko darasa la tatu na anapenda mpira."

Hellen aliivuta karatasi akasoma mwenyewe. Uchaggani mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake, na yeye, mama mzazi, amemuua mwanawe kwa vidole viwili. Wana wa shemeji zake nao, kina Aristides wote, walikuwa wameshapumzika kwa amani.

"Nisamehe, mama. Ngoja, kuna amri nyingine ya..."

"Acha amri zako. Soma jina moja moja, tuwafufue hao watoto."

Wakaanzia aya ya wajukuu. Hellen alisoma kwa sauti, akafuta neno kwa kila mtoto, na mama mkwe akawa anacheka huku anapangusa macho. Mwishoni wakafika hapa: "Marehemu Aristides ameacha mke, Bernadetha."

Kidole cha Hellen kilikwenda chenyewe kwenye kitufe cha kufuta, kikakaa hapo. Alitamani mno kukibonyeza.

Bernadetha akamshika mkono.

"Huyo mwache, mwanangu."