Kamba ya Kupimia Maji

Katika bonde la Kilombero, hata kiangazi maji hayaendi mbali. Juu vumbi linatimka, lakini ukichimba kidogo tu unayakuta. Sisi tuliokwenda kujenga kalavati kwenye barabara ya Mlimba, karibu na Mchombe, tulilisahau hilo siku ya kwanza. Mtambo wa kijiko ulichimba shimo la msingi kutwa nzima, tukaondoka tukijisifu. Asubuhi tulikuta shimo limejaa, kuta zimeporomoka, na mchanga wa chini unachemka kama uji. Mvua haikuwa imenyesha hata tone.

Ndipo zikaletwa pampu. Tulizungushia shimo visima sita vyembamba, kila kimoja kikashushiwa pampu yake, na jenereta moja ikawa inaziendesha zote bila kupumzika. Maji yalitolewa kwa bomba kubwa mpaka mtoni. Ardhi ilipokauka, mafundi wakashuka kusuka nondo na kumwaga zege.

Kazi yangu ilikuwa kupima. Palikuwa na mabomba membamba yaliyofukiwa wima, mengine kando ya shimo na mengine mbali zaidi, ili tujue maji ya chini ya ardhi yameshuka kiasi gani. Nilikuwa na kamba yenye fundo kila nusu mita, na mwishoni nimefunga nati kubwa. Naishusha ndani ya bomba mpaka nisikie nati imegusa maji, nahesabu mafundo, naandika. Asubuhi na jioni. Kabla yangu alikuwepo bwana mmoja aliyepima akiwa amekaa kivulini, kwa kukisia. Alipoondolewa nikawekwa mimi, na wenzangu wakanitania eti nimeajiriwa kuvua samaki. Niliwaacha wacheke. Baba yangu alikuwa fundi wa pampu kwenye mashamba ya miwa, nimekulia kwenye kelele za pampu hizo, na simvumilii mtu anayeandika namba ambayo hajaiona. Kwenye daftari lile sikuwahi kudanganya.

Bomba la mwisho lilikuwa mpakani mwa shamba la mama mmoja wa rika la mama yangu, mwenyeji wa upande wa Mahenge. Mafuriko ya masika yalikuwa yamembebea mpunga karibu wote, na nyumbani alikuwa na wajukuu wanne wa kulisha mpaka mavuno mengine. Mwanzoni alikuja kunishangaa tu. Baadaye kupima kwangu kukawa ndiyo salamu yetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Maji yamelala wapi leo?"

Namwambia: fundo la tatu. Wiki nyingine la tano. Halafu la sita. Anaguna, anarudi kwenye jembe lake.

Kipande chake cha chini, kile kilichokuwa karibu na shimo letu, kilikuwa cha mpunga peke yake. Mahindi hayakuwahi kusimama pale, maji yalikuwa karibu mno. Sasa pampu zilikuwa zimeyashusha, ukabaki udongo mweusi wenye unyevu wa kadiri, unaovunjika mkononi. Siku moja akaniuliza kama patabaki hivyo, apande mahindi.

Nakumbuka vizuri nilichokuwa nafanya. Pampu ya nne ilikuwa inakohoa mchanga, nimeinama naisikiliza, na mhandisi ananiita kwa redio. Swali la mtu yeyote saa ile lilikuwa kero.

"Panda tu, mama," nikasema, bila kunyanyua kichwa.

Nilijua pampu zitazimwa kalavati likiisha. Nilijua maji yatarudi palepale yalipokuwa. Pale kazini kila mtu alijua, na labda ndiyo maana hakuna aliyeona haja ya kusema.

Akapanda. Mahindi yakaja juu kwa kasi, na kila jioni nilipokwenda kupima nilipita katikati ya mistari yake nikijiambia kuwa nitamweleza kesho. Yakatoa mbelewele, yakaanza kubeba, na mimi bado nasema kesho.

Kisha zege likakomaa, kifusi kikarudishwa, na mhandisi akasema Jumatatu tunaanza kuzima. Tungezima pampu moja kila siku, maana maji yakirudi kwa mpigo yanaweza kulisukuma kalavati kutoka chini. Nilimwomba wiki tatu zaidi. Akaniuliza za nini, nikamweleza. Hakukasirika. Alisema pampu zinasubiriwa kwenye daraja lingine, kisha akauliza, "Kwani nani alimwambia apande?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Jumapili nilimsubiri atoke misa, nikamweleza njiani kwamba maji yanarudi.

"Yatatoka wapi, na mvua bado?"

"Chini, mama. Pampu ndizo zilizokuwa zinayazuia."

Alisimama. "Siku ile nilipokuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Akajifunga kitenge chake upya, akaenda zake. Bora angenitukana.

Pampu nilizizima kwa mkono wangu mwenyewe. Fundo la sita, la tano, la nne. Siku ya sita nati iligusa maji kwenye fundo la kwanza, na ndani ya wiki moja majani ya mahindi yakaanza kugeuka njano kuanzia chini, punje bado ni maziwa. Nilikwenda na kina mama watatu waliokuwa wakipika kambini, tukamsaidia kuvuna. Yaliyofaa kuchemshwa yalikuwa machache, tena hayawekeki. Mabua akampa jirani yake Msukuma alishie ng'ombe. Alitushukuru kwa kuwataja wale watatu, mmoja mmoja. Alivyowalisha wajukuu mpaka mpunga mpya sikuthubutu kuuliza.

Siku tunafungasha vyombo alikuja kambini, akataka vitu viwili: lile bomba la mpakani lising'olewe, na kamba. Nikamkabidhi kamba.

Siku hizi nipo Ifakara, bado kwenye pampu. Kalavati halina ufa hata mmoja, na malori ya mpunga yanapita juu yake kila siku. Msimu uliopita nilikuwa natoka Mlimba, nikashuka pale. Nilimkuta ameinama, anapandikiza mpunga. Kando ya bomba kulikuwa na kijiti, na kamba yangu imening'inizwa hapo, mafundo yameng'aa kwa kushikwashikwa. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, nikapata moyo. Nikataka kuirudisha ile salamu yetu.

"Maji yamelala wapi leo, mama?"

Hakunyanyua kichwa.

"Kapime," akasema.